Baba Akisema Ndiyo

Mbeya, 3 Machi 2024

Tata,

Mugonile, nakusalimu kwa heshima. Nakuita Tata kama anavyokuita mwanao Ezroni, maana sijui jina jingine linalonifaa. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, na wanangu hawakuchoshi wewe na shangazi Veronika. Mimi mwili ni mzima.

Najua utashangaa. Tangu nilipoolewa na mwanao sijawahi kusema neno mbele yako, nawe hujawahi kunitazama usoni. Ukipita uani mimi hukimbilia migombani, kama mkwe anavyofundishwa. Nilitaka kumpigia shangazi simu akueleze, lakini jambo hili likipita mdomoni mwa mtu mwingine litapinda. Barua haina uso, ndiyo maana nimethubutu.

Siku ile Ezroni alipoanguka mbele ya mizani ya kakao, sote tulisema malaria. Hapa Mbeya wamempiga picha ya kichwa. Daktari aliniita pembeni akanionyesha doa jeupe, kubwa kama limau. Ni uvimbe kwenye ubongo. Unakandamiza mishipa ya macho, na kumbe ndiyo sababu alikuwa akimimina chai nje ya kikombe na sisi tunamcheka. Dawa za kunywa haziuondoi. Inabidi apasuliwe kichwa utolewe, na kupasua huko kuna hatari. Daktari hakunificha.

Nilipomweleza Ezroni aliniomba nimwinue akae. Kisha akasema, "Baba akisema ndiyo, nitapasuliwa. Asiposema, siwezi. Unajua habari za Aliko."

Najua, Tata. Kaka yake alipelekwa kupasuliwa tumbo hakurudi akiwa hai, nawe ulisema kaburini kwamba hakuna mtoto wako mwingine atakayelala chini ya kisu. Sikuandikii kwa kusahau hilo. Nakuandikia kwa kuwa mwanao ameliweka neno lake mikononi mwako. Tafadhali umpe jibu kondakta wa Kosta aliyekuletea barua hii.

Mkweo,
Mama Tumpale


Ngonga, 6 Machi 2024

Mkwe wangu Mama Tumpale,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tumpale anakwenda shule. Yohana analia jioni akimkumbuka baba yake, na dada yangu Veronika humbeba mgongoni ingawa amekuwa mkubwa, si wa kubebwa tena. Mvua ni nyingi, maji yameingia shamba la chini, lakini mpunga umesimama. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia.

Hukukosea kuniandikia. Lakini jibu langu ni hapana.

Aliko alikwenda hospitali kwa miguu yake. Njiani alikuwa akinitania kwamba natembea kama kobe. Wakaniambia ni upasuaji mdogo, nikae nje nisubiri. Nikasubiri. Nilimrudisha nyuma ya gari amefunikwa turubai, na mama yake hakuinuka tena kitandani mpaka naye tukamzika. Wewe ulikuwa hujaja katika nyumba hii. Usiniambie kwamba unajua.

Ikiwa tumbo lilishindikana, itakuwaje kichwa, ambacho ndicho mtu mwenyewe? Mlete nyumbani. Ng'ambo ya mto Songwe, kwa ndugu zetu wa Malawi, kuna mtumishi wa Mungu anayewaombea wagonjwa wa kichwa na watu wanapona. Na kama Mungu, Kyala mwenyewe, ameamua kumchukua, afie mikononi mwangu, si mbele ya watu waliojifunga vitambaa midomoni.

Wewe ni binti wa watu. Likitokea la kutokea utalia, utafuta machozi, na siku moja utarudi kwenu Talatala. Mimi ndiye nitakayeyatazama makaburi mawili ya wanangu kila nikifungua mlango.

Baba mkwe wako


Mbeya, 11 Machi 2024

Tata,

Mugonile. Ndaga kwa habari za watoto na za mpunga. Mwambie Yohana baba yake anamkumbuka na kumtaja. Mimi sijambo, ingawa miguu imevimba kwa kulala sakafuni. Kwako sijui kama usingizi umerudi.

Barua yako nilimsomea Ezroni yote, isipokuwa pale uliposema nitarudi Talatala. Pale nilipita kimya kimya. Niliolewa na mtu, Tata, sikuolewa na afya yake. Hilo sitaliongezea neno.

Juzi mchana, jua limejaa dirishani, aliniambia niwashe taa. Muuguzi aliposogea kumpima joto, alimshika mkono akaanza kumweleza habari za Tumpale, akidhani ni mimi. Alipogundua, alicheka. Baadaye akageukia ukutani, hakutaka kula tena. Daktari anasema uvimbe haungoji kikao cha ukoo. Yatakwenda macho, kisha akili, kisha pumzi. Ukimpakia kwenye gari atikiswe kwenye zile kona, huenda asifike hata Kiwira, acha Songwe.

Maombi siyakatai. Naomba hapa nilipo, na mchungaji alikuja akamwekea mikono. Lakini mtu anaweza kuombewa na bado akatibiwa.

Sasa nina neno gumu, unisamehe. Nilimuuliza daktari itakuwaje Ezroni akipoteza fahamu kabla hajaamua. Alisema mke ndiye atakayesaini. Ikifika hapo nitasaini, Tata, ukubali usikubali. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka. Lakini mwanao anataka ndiyo yako, nami nataka aingie kule ndani moyo wake umetulia. Nakusihi unijibu.

Mkweo,
Mama Tumpale


Mbeya, 16 Machi 2024

Tata,

Mugonile. Sijui hali yako wala ya watoto, maana sijapata jibu. Kondakta anasema barua ya mwisho alikukabidhi mkononi, ukaifungua mbele yake, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Shangazi naye hapokei simu. Naogopa nimekukosea kwa maneno yangu. Lakini siwezi kuyarudisha.

Leo Ezroni ametapika mara nyingi. Ameniita Aliko. Nikamwambia, "Ni mimi, Kisa." Akasema, "Aliko, mwambie baba asinisubiri nje." Kisha akili ikarudi, akaniomba maji kama kawaida.

Daktari ameniachia karatasi ya kukubali upasuaji. Kesho wanataka jibu. Akiwa na akili zake atasaini au atakataa mwenyewe. Zikiondoka, nitasaini mimi. Sitasubiri Kosta nyingine.

Mkweo


Nje ya hospitali, Mbeya, 17 Machi 2024

Mkwe wangu,

Natumaini umeamka salama, na mgonjwa ameamka. Watoto ni wazima, niliwaacha na Veronika, ambaye nilimkataza kukuambia chochote kwa simu.

Niko hapa, kwenye kibanda cha wauza matunda karibu na geti. Nilifika juzi. Nimelala kwa Jubilate, yule ndugu yetu wa Uyole. Barua yako ya tarehe 11 sikuijibu kwa sababu niliona jibu lake si la kuandikwa.

Juzi jioni wakati wa kuona wagonjwa nilifika mpaka mlango wa wodi. Nikaona mgongo wa mwanamke amekaa kitandani anamlisha mtu uji. Nilijua ni wewe. Nikageuka. Jana nilirudi, ukawa unampangusa uso, nikageuka tena. Wazee wenzangu wangesema nimefanya vema. Lakini nimetoka Ngonga mpaka hapa na sijamwona mwanangu.

Nimempa mlinzi karatasi hii. Toka kidogo ukapumzike, uniachie nafasi niingie. Nina maneno na Ezroni.

Baba mkwe wako


Wodini, siku hiyo hiyo

Tata,

Mugonile. Nimeshtuka, na nimefurahi, sijui kipi kimezidi.

Natoka sasa kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, nitakaa kule wanakofulia mpaka wakati wa kuona wagonjwa uishe. Ni kitanda cha dirishani, kushoto. Hatakuona. Sema kwanza, aisikie sauti yako ndipo umguse, maana sasa akiguswa ghafla anaogopa. Asubuhi hii akili zake zipo. Karatasi ya daktari iko chini ya mto. Hakuna aliyeisaini.

Mlinzi ameniambia umekuja na gari, na kiti cha nyuma mmekitandikia godoro. Sikumuuliza la nini. Wewe ndiye baba yake na mimi ndiye mke wake, na katikati yetu amelala yeye. Namwacha nawe.

Mkweo


Mbeya, 2 Aprili 2024

Tata,

Mugonile. Natumaini ulifika salama, na kwamba maji yamepungua shambani. Hapa tuko wazima, na leo nasema tuko wazima wote wawili.

Tangu uondoke baada ya kuambiwa ameamka kutoka kwenye upasuaji, kuna mengi. Anakaa mwenyewe. Anakula, na analalamika kwamba uji wa hospitali hauna ladha, anataka dagaa wetu wa usipa. Kuna maneno yanampotea. Jana alitaka blanketi akasema "ngalawa", akajikasirikia. Uvimbe wameutoa karibu wote. Kipande kimeshikamana na mshipa, wamekiacha, wakasema wangekilazimisha wangemuua. Majibu ya maabara yamekuja: si saratani. Ila kilichobaki kinaweza kukua tena, kwa hiyo itabidi arudi kupigwa picha mara kwa mara, pengine maisha yake yote.

Macho ndiyo habari ngumu. La kulia halioni kitu. La kushoto linaona mwanga na kivuli cha mtu akisimama dirishani. Daktari anasema tulichelewa kidogo. Sisemi hili kukuchoma. Hata mimi nilikuwa nikimcheka alipomwaga chai.

Siku ile ulipoingia wodini, niliporudi nilikuta gari halipo getini. Nilijua umemchukua. Nikaingia, nikamkuta kitandani, karatasi kifuani, jina lake limeandikwa herufi zimelala kila upande. Akasema, "Baba amesema ndiyo." Nikamuuliza mlisema nini. Akasema, "Muulize mwenyewe," akalala. Basi nakuuliza.

Na kuna jingine. Wiki ijayo tunaruhusiwa. Nyumba yako na yetu zinatazamana, na uani kuna mfereji, kuna visiki, kuna kakao imeanikwa. Ezroni atataka kuja kukaa nawe barazani kila siku kama zamani. Lazima mtu amshike mkono. Tumpale yuko shule mpaka mchana. Sijui nitamwongozaje na papo hapo nikukimbie wewe. Unielekeze.

Mkweo,
Mama Tumpale


Ngonga, 5 Aprili 2024

Binti yangu Kisa,

Barua yako imetukuta wazima. Nimewasomea watoto habari za ngalawa, wakacheka sana, sasa Yohana analiita blanketi lake hivyo. Maji yamepungua. Tumepoteza mpunga wa kona moja tu.

Umeniuliza, nakujibu. Nilikuja kumchukua. Jubilate alikuwa na gari, godoro lilikuwa tayari, na nilikwisha kuwatuma watu kwa ndugu zetu wa Malawi. Nilimwambia Ezroni, "Inuka mwanangu, twende nyumbani." Akaitafuta mikono yangu hewani mpaka akaipata. Akasema, "Tata, ukiniambia twende, nitakwenda. Sijawahi kukukatalia. Lakini nitakufa njiani, na mke wangu atakuwa nyuma ya gari hilo hilo ameficha uso, hana wa kumwambia pole." Halafu akaanza kushusha miguu kitandani kutafuta viatu. Alikuwa anatii. Mtu asiyeona, anatafuta viatu ili afe kwa sababu mimi nimesema.

Nilimrudisha miguu kitandani. Nikamwambia ndiyo. Nilimshikia karatasi akaandika jina lake, kisha nikamwambia Jubilate aondoe gari.

Siku ya upasuaji nilikaa upande wa pili wa ile nguzo kubwa ya ukumbi wa kusubiri, wewe upande wako. Ilikuwa siku ndefu. Nilikusikia unalia, na ulimi wangu ulikuwa na neno pole tangu asubuhi mpaka jioni, sikulitoa. Nimerudi nalo nyumbani na halijashuka.

Kuhusu macho, nasikia unavyojaribu kunikinga. Siku nilizokaa kimya nazijua. Nitazibeba mimi, usinisaidie.

Jana niliwaita wazee wenzangu nikawaambia kwamba nyumbani kwangu hakuna tena atakayekimbilia migombani. Mmoja aliguna. Mwingine aliuliza watu watasema nini. Nikawaambia mwanangu haoni, na mwenye macho yake ni mkewe, siwezi kuyafukuza macho ya mwanangu uani. Wakamaliza chai yao wakaondoka. Hawakukubali, lakini hawakurudi kubisha.

Veronika ameuziba mfereji kwa mbao. Visiki nimeving'oa. Mkija, mshike mkono mumeo mpite katikati ya uwanja, usizunguke nyuma, wala usifunike uso. Nitakuwa barazani, sitageuka. Nitasema, "Ugonile, mwanangu." Najua utashindwa kuitika siku ya kwanza. Si neno. Nitakusalimu tena kesho yake.

Baba yako