Ruka Nikusikie

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Nimepata kazi ya kushona mavazi ya filamu ya vita, na usianze kuguna kabla hujamaliza kusoma. Ni ya makomandoo, kikosi kidogo kinachotumwa kushikilia daraja mpaka raia wote wavuke. Wanajua hakuna atakayekuja kuwachukua, na bado wanakwenda. Niliposoma nilikuwaza wewe na rafiki yako Mlingoti, na safari ile uliyorudi peke yako.

Mwongozaji hataki tubahatishe. Hebu niambie, dakika za mwisho kabla ya kutoka mlikuwa mnafanya nini?

Nisalimie mama mdogo hapo jirani, mjane wa Mlingoti. Nilipokuja mara ya mwisho aliniuliza tena kama umewahi kusema lolote kuhusu mumewe. Asubuhi ya safari ile yeye na Mlingoti walikuwa wamenuniana, mume akatoka bila kuaga, na mpaka leo hajui kama alikufa na hasira zake. Kukuuliza wewe hathubutu. Akimtaja tu mumewe, unakumbuka kuku hawajala.

Binti yako


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linajua mvua kabla ya redio. Hizo filamu nazijua: mtu anapiga risasi kutwa nzima na bunduki haiishiwi, halafu akipigwa yeye anahutubia kwanza ndipo afe. Upuuzi mtupu!

Lakini umeuliza. Kabla ya kutoka tulikuwa tunaruka. Ndiyo, watu wazima na mizigo yao mgongoni. Unaruka mbele ya mwenzako, naye anasikiliza. Kitu kikilia, chupa ya maji, kifungo, chochote, kinafungwa kitambaa unaruka tena. Mlio mmoja gizani unawamaliza wote.

Mlingoti, na urefu wake ule, hakosi kitu kinacholia. Siku ile nilimpekua nikakuta ufunguo wa nyumbani kwake. Nikamwambia auache kambini. Akakataa katakata: "Nikirudi usiku nigonge mlango nimwamshe mke wangu? Huyo ataniua kabla ya adui." Nikauzungushia kipande cha soksi yangu. Akaruka, kimya. Tukaondoka.

Basi, imetosha. Kuku hawajala.

Baba yako


23 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimelia mpaka nimelowesha gwanda la watu. Hivi unajua ulichoniandikia? Mwenye kinyongo na mkewe hang'ang'anii ufunguo wa mlango wake!

Nimempa mwongozaji ile ya kuruka, na ya ufunguo pia. Kama hutaki, niandikie upesi itolewe. Ila kwa mama mdogo mimi sitii mdomo. Aliyeusikia ufunguo ukilia ni wewe.

Binti yako


30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo, maana wewe mwenyewe umeninyamazia. Nilichukulia umekubali. Filamu imetoka, na wiki ijayo itaonyeshwa hapo mjini kwenu. Humu ndani kuna tiketi mbili. Ya pili unajua ya nani. Tafadhali, baba.

Binti yako


12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Tumekwenda. Shemeji alivaa viatu vyake vya shughuli, mimi shati ulilonishonea.

Buti za makomandoo wenu safi mno, na hapo nakulaumu wewe. Mengine yote nimesalimu amri. Wale vijana mmewapatia. Hakuna anayejifanya simba. Redio ilipokata, na kila mtu akajua ndiyo basi tena, kamanda aliuliza tu nani amebakiza maji. Chupa ikapita mkono kwa mkono, na kila mmoja anajifanya amekunywa ili mwenzake apate. Woga upo na kazi inafanyika. Ndivyo tulivyokuwa, mwanangu. Sikudhani kuna mtu angetuona hivyo. Nililia, wala sikujificha.

Walipokuwa wanaruka, ufunguo ukalia, ukumbi mzima ukacheka. Shemeji hakucheka. Alinishika mkono wa shati, hakuuachia mpaka taa zikawaka. Nje kwenye ngazi akaniuliza, "Ule ni wetu?" Nikamwambia ni wenu. Nikamweleza yote: soksi, maneno ya mumewe, alipoangukia, na kwamba alikata roho nimemshika. Kumbe miaka yote hii aliamini Mlingoti aliutupa ufunguo ule kwa hasira. "Alikuwa anarudi," akasema. Alilirudia hilo njia nzima, na mimi namwitikia.

Na bado hakuwahi kubadilisha kitasa chake, kibovu kile cha kusukuma mlango kwa bega, eti ikiwa atarudi, ufunguo usije ukamkataa. Jana aliniita nimwekee kipya. Nilipokiondoa cha zamani alileta kitambaa, nikakizungushia, akakitikisa sikioni. Hakikulia.

Halafu akaniandalia chai, akaanza kuniuliza habari za mumewe kambini: alikuwa analala wapi, anacheka na nani. Nikasimama. Akaniuliza kama nawahi kuku.

Nikamwambia wameshakula, nikakaa.

Baba yako