Mama, Birika la Kufulia Limefungwa

Mpendwa Mama,

Nimerudi Tottenham, hapa London, jana kutoka Ufaransa, kutoka kile kijiji tulichopelekwa tulipoomba hifadhi. Nilikuahidi kwamba nitakurudisha huko. Sasa ni mwezi wa saba tangu tukuzike, na mimi ndiyo kwanza nimepanda treni, tena peke yangu. Mtoto gani mimi!

Unakumbuka wiki yetu ya kwanza? Ulijaza nguo kwenye beseni ukashuka mpaka lile birika la mawe chini ya kanisa, lenye paa la vigae na maua kandokando. Mhudumu aliyetupokea alishanionya kwamba ni kitu cha kale, cha kutazamwa tu. Nikakukimbilia nikihema: “Mama, toka, watatufukuza!”

Hukuinua hata kichwa. “Mayi haina mwenyewe, mtoto yangu,” ukasema kwa Kiswahili cha kwenu Uvira, ukaendelea kusugua shuka kama uko nyumbani.

Madirisha yakaanza kufunguka. Nilijua polisi wanaitwa, nikasogea mbali nawe kama mtu asiyekujua. Kumbe aliyetoka ni bibi Madeleine wa nyumba ya jirani, na miaka yake themanini na ushei, amekumbatia kibao chake cha kupigia nguo ambacho kilikuwa darini tangu kijiji kilipoingiziwa mabomba. Akapiga magoti kando yako, mkapiga nguo pamoja. Tangu hapo kila Jumatatu vibibi walikuja na shuka safi kabisa, ilimradi tu wafue nawe. Walikuonyesha jinsi mama zao walivyong'arisha nguo kwa maji ya majivu, ukacheka mpaka machozi, kwa sababu bibi yako naye alifanya vilevile.

Halafu nikakuleta London. Mwenyewe niliona nimekuokoa. Nikakuweka ghorofa ya tisa, mbele ya mashine, ukawa unakaa kwenye kigoda unatazama nguo zikizunguka. Ukimsimulia mjukuu wako habari za birika, anakujibu, “But we've got a machine, Bibi.” Nami ukiniuliza, “Utanirudisha siku gani?” nilisema kiangazi. Kiangazi kikifika naongeza shifti kwenye nyumba ya wazee, nakwenda kuwaogesha mama za watu.

Madeleine amekufa, Mama. Birika limekarabatiwa vizuri sana, limezungushiwa uzio wa chuma na kutiwa kufuli, na ndani hamna tone la maji. Kuna bango jipya linaloeleza historia yake. Limeandikwa kwamba wanawake wa kijiji waliacha kufua hapo mabomba yalipokuja, basi. Nilikwenda ofisi ya kijiji kuomba waongeze jina lako, angalau mstari mmoja. Binti wa pale alinisikiliza kwa upole, akasema hakuna anayeikumbuka habari hiyo. Akauliza kama nina picha yako ukifua.

Sina, Mama. Simu ilikuwa mfukoni kila Jumatatu. Nilikuwa nakuonea aibu.

Mtoto yako wa pekee