Mashine ya Musyoka Uwanjani Mwingi

Na bado nasema sikukosea kuolewa, dada Mwende, hata kama Musyoka alipochagua Mwingi kwa fungate yetu hakutaja mashindano ya mashine za kupigana! Baba, anayesema nimeolewa na fundi asiyeweza kutengeneza hata pasi, angemwona jana. Mume wangu ameunda mashine yenye magurudumu ya wilbaro, pembe za chuma na mota mbili za waipa za lori. Betri tuliazima kanisani, ile ya kipaza sauti. "Hii ni ya kazi ya Bwana," pasta alituonya. Kisha akaja uwanjani akapiga kelele kuliko wote, bila kipaza chochote: "Mpindue huyo Mfilisti!"

Sheria ni moja: anayesukumwa nje ya duara, au mashine yake ikizima, ameshindwa. Filimbi ikalia, mashine yetu ikanguruma, lakini haikusogea hata inchi moja. Betri ilikuwa nzito mno. "Musyoka, umetuletea jiwe la kusagia!" watu wakacheka, nami nikafumba macho. Basi mashine ya wapinzani kutoka Zombe ikatusukuma, ikasukuma tena, mpaka mota yake ikatoa moshi ikazima. Tukatangazwa washindi! Musyoka anasema ndivyo alivyopanga, nami namwamini kabisa, mpenzi wangu asiyetikisika.

Nakukumbatia wewe na watoto. Mwambie Baba kwamba mkwe wake ameshinda, uishie hapo. Mengine Musyoka atamweleza mwenyewe tukija kabla mwezi haujaisha.

Kalekye wako