Jina Lililomwandikia Mama

Karakana ya Cherehani,
Mkabala na duka la magodoro,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa penye mwanga, maana tangu wakutoe mtoto wa jicho nasikia unasoma kwa jicho la kulia tu, na la kushoto unalipumzisha kama mfanyakazi wa zamu. Goti nalo linasemaje? Na mkaza mjomba, bado anakugombeza ukipanda ngazi mbili mbili? Ana haki, mjomba. Msikilize.

Sisi huku ni wazima wa viungo. Mke wangu anakusalimu, watoto wanakua hadi viatu vinatushinda. Mama, dada yako, anakula, anatembea, kuna siku ananitambua tangu asubuhi hadi jioni. Mengine nitakueleza taratibu.

Najua utashangaa kuona karatasi. Tulishazoea kule mtandaoni, wewe unaniwekea picha za nyanya zako, mimi nakujibu kwamba hizo si nyanya, ni ndimu zenye aibu. Sasa ukinitafuta kule hutanipata. Usidhani nimekususa. Nimetoka, na kutoka kwenyewe ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Kule nilikuwa Nukta, jina alilonibandika baba kwa udogo wangu, na ndilo wanaloniita watu wote hadi leo. Mafundi wa miji nisiyowahi kuikanyaga walikuwa wakinitumia sauti za cherehani zao. Namwambia mtu, "Weka simu karibu na gurudumu, zungusha polepole," nasikiliza, kisha namwambia sindano imepinda, au chini ya meno yanayovuta kitambaa kumejaa vumbi la uzi. Mara nyingi napatia. Nilijiona kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa aliye ng'ambo.

Mwezi wa kumi na moja wenye mtandao wakaufunga ukurasa wangu. Ujumbe ulisema kila mtu atumie jina lake halisi, lile la kwenye kitambulisho. Niliwaandikia mara tatu kwamba hili ndilo jina ninaloitikia. Jibu lilikuwa lile lile: jina hili halionekani kuwa la mtu. Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. "Kumbe miaka yote hii nimeolewa na alama ya uandishi!" Nikacheka naye. Nikapiga picha kitambulisho, nikatuma.

Kesho yake ukurasa ukafunguka. Juu yake, kwa herufi nene, likasimama jina la marehemu kaka.

Sitaliandika hapa, mjomba. Tangu siku mliporudi makaburini mama alisema lisitamkwe tena ndani ya nyumba, na mimi mkono wangu umezoea kulikwepa. Kwenye fomu nalisaini kwa mkwaruzo tu, wala sijaliangalia sana. Najua unayakumbuka yote, lakini acha niyaweke kwenye karatasi mara moja, maana hakuna aliyewahi kuyaandika. Kaka alikufa kwa surua akiwa na miaka saba, wiki mbili kabla ya kuanza shule. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwepo. Changu hakikuwepo, kwa kuwa nilizaliwa nyumbani wakati wa mafuriko na hakuna aliyekwenda kuniandikisha. Mwalimu mkuu akasema bila cheti hakuna shule. Baba akanyamaza. Wewe ukafungua kopo la makaratasi, ukatoa cheti cha kaka, ukanishika mkono. Nilikuwa na miaka mitano, nikaandikishwa wa miaka saba. Kifo chake hakikupelekwa ofisi yoyote.

Sikulaumu. Bila wewe hata barua hii nisingeweza kuiandika. Ila nilipokuwa mdogo nilidhani mama ananionea haya, kwa kuwa hakukanyaga shuleni kwangu hata siku moja. Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba alikuwa akikwepa kusikia orodha ya majina ikiitwa.

Sasa turudi kwa mama. Unajua alivyokuwa mpiga chapa, na hata leo kichwa kikimpotea, koma haimpotei. Nilimpa simu ya herufi kubwa ili aone ninachoandika nikiwa kazini. Hukisoma kwa sauti, kama anayemsomea bosi wake.

Siku ile ile jina lilipobadilika, saa nane mchana, nilikuwa nimeinamia mashine ya fundi mmoja wa sare za shule, mwenyewe kasimama pembeni. Nikamwona mama mlangoni. Amekuja kwa miguu, jua lote lile, mguu mmoja ndala, mwingine kiatu cha mke wangu.

"Ameandika," akasema.

"Nani, mama?"

"Kaka yako. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Yalikuwa maneno yangu ya asubuhi, kwamba watu waache kutia mafuta ya kupikia kwenye cherehani, yanagandisha vyuma. Jina la kaka juu, maneno yangu chini.

"Amekuwa mtu wa maana," mama akasema, uso wote unang'aa. "Anawakanya watu."

Mjomba, nilimweleza. Nilimkalisha juu ya sanduku la vipuri, nikamwambia kaka alishatutoka zamani, huyu ni mimi, ni mambo ya kitambulisho. Alilia kilio kile kile. Nilikuwa na miaka mitano nilipokisikia, na nilikitambua. Fundi wa sare alitoka nje bila kuambiwa.

Nikadhani yamekwisha. Asubuhi yake, kwenye chai, akaniita, "Nukta! Njoo uone. Kaka yako ameandika." Alikuwa amesahau yote. Nikamzika kaka kwa mara nyingine, juu ya kikombe cha chai. Siku ya tatu alipoanza tena, sikuwa na nguvu. Nikasema, "Naona, mama," nikaenda kazini.

Hapo ndipo alipoanza kumwandikia. Mimi nipo karakana, simu inalia mfukoni: "Mwanangu, umekula?" Sikujibu. Kesho yake: "Mbona hunijibu? Umenikasirikia?" Nikakaa na ile simu, nikaona nikinyamaza mama atabaki anahukumiwa na marehemu. Nikaandika, "Nimekula, mama. Wewe je?"

Labda hapo nilikosea. Utanihukumu wewe. Ila kwa wiki tatu mama alichanua. Alichana nywele, alimaliza sahani, alimweleza mke wangu kwamba mwanawe mkubwa ni mtu wa shughuli nyingi lakini hakosi kujibu. Mke wangu hakupenda. "Unamdanganya mama yako," aliniambia. Nikamwambia, "Na nikimwambia ukweli namuua kila asubuhi." Tulikuwa sahihi wote wawili, na hilo ndilo lililotuchosha.

Kisha ikaja Jumatano moja. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Ujumbe wa mama ulikuwa mrefu, umepangwa vizuri, kila nukta mahali pake. Nakunukulia kama ulivyo, maana nimeusoma hadi umenikaa: "Mwanangu, kuna jambo sijakuambia. Tulimpa mdogo wako cheti chako ili apate shule. Kaburini hatukukuwekea hata kibao chenye jina, tuliogopa mtu angekisoma. Usimchukie mtoto, hakuchagua. Nichukie mimi."

Miaka thelathini na minane, mjomba, amelala na maneno hayo. Hakuniambia mimi, hakumwambia baba hadi anafariki. Na alipopata wa kumwambia, aliyesoma ni mimi.

Nikaandika, "Simchukii. Wala wewe sikuchukii." Kisha nikatoka nyuma ya karakana, nikasimama ukutani mpaka mtu akaja kuniulizia uzi.

Jibu lake nililikuta niliporudi: "Basi njoo nyumbani. Nakungoja."

Na akangoja kweli. Alitandika kitanda cha chumba cha watoto kwa shuka jipya, akaweka kiti mlangoni tangu asubuhi. Ukimletea chakula anasema, "Ale kwanza mgeni." Siku ya kwanza tukambembeleza. Siku ya pili akanywa maji tu. Siku ya tatu mke wangu akanifuata karakana, akasimama mbele ya mashine, akasema, "Leo. Si kesho." Nikafunga kazi.

Nilishafikiria kila mlango. Kubaki, maana yake mama afe njaa akimngoja mwanawe. Kumwandikia ujumbe wa kwaheri kwa jina la kaka nilishindwa, vidole vilikataa. Na kuondoka ni kuwaacha mafundi wangu, na wewe na ndimu zako zenye aibu. Wapo wanaoniambia nifungue ukurasa mwingine kwa jina la kubuni linalofanana na la mtu. Mjomba, majina ya kuazima nimechoka nayo. Hili moja limenitosha.

Nilikaa naye kitandani, nikamshika mkono, nikamweleza mara moja zaidi, bila kuharakisha. Surua. Cheti. Kitambulisho. Kwamba aliyekuwa akimjibu ni mimi. Nilingoja kile kilio. Hakikuja. Aliitazama simu.

"Nilijua," akasema. "Si kila siku. Siku nyingine nilijua. Nilimwosha kwa mikono yangu, nitaachaje kujua?"

"Sasa mbona ulikuwa ukimwandikia, mama?"

"Nilipenda kuona jina lake likiniuliza kama nimekula."

Yeye ndiye aliyesema, "Funga basi." Nikabonyeza. Mtandao ukaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza tena, ukaniuliza mara ya pili. Mama alikuwa ameegemea bega langu, anasoma kila neno kwa sauti. Lilipotoweka jina, akafumba macho. Jioni ile alikula vijiko vitatu, kisha vinne.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia hapo. Alhamisi iliyofuata nilimkuta tena kwenye kiti mlangoni. Aliniuliza kama simu ya kaka yangu imeharibika, maana haandiki. Nilivuta kiti kingine, nikakaa naye. Siku hizi ndivyo tunavyofanya, mimi au mke wangu, mpaka akubali kuingia ndani. Huwa anakubali. Ile simu haishiki tena. Kazi imepungua, ila fundi wa sare amewatangazia wenzake nilipo, na wengine wanabeba mashine kwa mkono kuja.

Sasa nina ombi, mjomba, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja.

Nilikwenda ofisi ya vizazi na vifo. Nikamweleza mama wa dirishani kwamba kwa karatasi zao kaka yangu hajafa na mimi sijazaliwa. Akavua miwani, akaniuliza, "Sasa wewe uliyesimama hapa ni nani?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, nifanyeje. Hakuwa mtu mbaya. Alinionya kwamba huenda nikaulizwa maswali kuhusu miaka yote hii, nikamwambia nitayajibu. Akaniambia pa kuanzia ni maelezo ya maandishi ya mtu mzima aliyekuwepo nilipozaliwa, na aliyekuwepo kaka alipofariki. Waliokuwepo kote kuwili mmebaki wawili, na mama hawezi kuhojiwa.

Ni wewe uliyevuka maji ya kiunoni kumwita mkunga. Ni wewe uliyebeba jeneza, lilivyokuwa dogo, peke yako. Naomba uyaandike hayo mawili, kwa mkono wako, hata kama herufi zitapinda kwa sababu ya jicho. Andika tarehe aliyokufa, ili tukamwekee kibao mama akiwa bado anaweza kukisoma. Kisha andika siku niliyozaliwa, na jina nililopewa siku hiyo. Nilishajaribu kuliandika mwenyewe pembeni ya gazeti, likaonekana kama la mgeni. Nataka kuliona kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kuniita kwalo.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na binamu zangu wote wawili, mwalimu na yule dereva mwenye maneno mengi. Wajukuu wako wapige busu kwenye paji la uso, mmoja mmoja, asipunjwe mtu. Nilipomwambia mama kwamba nakuandikia wewe, alisema, "Mwambie avae soksi." Nimefikisha.

Mungu akutunzie macho, na akupe siku za kutosha kuyamaliza uliyoyaanza.

Ni mimi nikupendaye, mpwa wako wa pili,
Nukta