Mzuka wa Duarani, Sehemu ya Pili

Kerende, Jumanne

Na bado wanaidai sehemu ya pili ya filamu yetu. Mwenye kibanda cha video kule Nyarero anasema watu wameirudia ile ya kwanza mpaka wameikariri. Mzuka anapanda kutoka kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, vumbi usoni, anafoka: "Nani kala ugali wangu?" Kibanda kizima kinamjibu, "Si umekufa wewe!" Wanacheka mpaka machozi.

Sasa Chacha, aliyeigiza mzuka, amekufa kweli. Siku ile tunarekodi aliona jiwe lenye dhahabu mle mle ndani. Hakutuambia. Alirudi peke yake kuchimba, duara likamfukia, na mwili haukupatikana. Duara lile nililichagua mimi.

Leo nimemvalisha mdogo wake, Marwa, buti alizoigizia kaka yake, awe mzuka badala yake. Akashindwa kuchekesha. Nikamfokea mbele za watu.

Mara mama yao akatokea. Nikajua amekuja kutulaani. Nikamwamkia shikamoo. Akaomba tu aione ile ya kwanza kwenye simu yangu.

Hakucheka. Chacha alipotoka duarani, akanishika mkono.

"Rudisha nyuma. Hapo anapotoka."

Nikarudisha. Akasema tena. Nimerudisha sijui mara ngapi, Marwa amesimama pembeni na zile buti.

Mara ya mwisho aliiacha iendelee. Chacha akauliza nani kala ugali wake.

"Upo, baba," mama akamjibu taratibu. "Nimekufunikia."