Mtandao Umefika Chooni

Jumatatu, 6 Oktoba

Somo limekatika tena. Mara mbili kabla ya chai. Ingrid, mwanafunzi wangu wa Kiswahili, kaganda kwenye kioo mdomo wazi kama samaki changu wa soko la Darajani, na mimi nasema peke yangu, "Unanisikia? Unanisikia?" Mpaka nimeichukia sauti yangu mwenyewe.

Ruta, kile kisanduku cha mtandao, iko ukumbini, chini. Chumba changu kiko juu. Baina yetu ni kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kulala juu yake na kujigeuza. Waliozijenga walitaka kuzuia jua. Wamezuia na kila kitu.

Na Mama naye kaitia ruta kabatini, nyuma ya sinia kubwa la shaba la harusi yake, kisha kaifunika kitambaa alichokidarizi. Anasema wageni wakiiona wataitia jicho. Ruta! Kila Alhamisi anaifukiza udi. Leo nimekifunua kitambaa. Mende wawili wamekaa kwenye joto lake, raha mustarehe, na juu mavi ya mijusi. Na riziki yangu inapita hapo.

Nimemwomba aitoe. Hataki.

Jumanne, 7 Oktoba

Barua pepe kutoka skuli ya mtandaoni inayonipa wanafunzi. Mkuu wao atahudhuria somo langu na Ingrid Jumatatu ijayo. Akiridhika, napewa madarasa ya kudumu. Asiporidhika, basi.

Nikipata, nahamia Jang'ombe. Bi Salma, mwenye nyumba huko, ananiwekea chumba, kina mlango wake wa nje. Tangu nilipoachika nimerudi hapa, mtu mzima na nywele zangu za mvi, nikitoka naulizwa nakwenda wapi, nikirudi naulizwa nilikuwa na nani. Nimechoka. Nataka mlango wangu na ufunguo wangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kaka Sele kaja na kifaa cha kukuza mtandao. Anajua kila kitu, kaka yangu. Kakichomeka chumbani kwangu, taa ya kijani ikawaka, akapiga makofi. Mtandao, hamna. Nikamwambia kifaa hiki hupokea kidogo kinachofika kikakisukuma mbele, na chumbani kwangu hakifiki cha maana. Kiweke katikati, kwenye ngazi. "Zuhura, umeme unaujua wewe?" Akakiacha palepale.

Kisha akataka kutoboa ukuta apitishe waya. Bila ruhusa, katika nyumba ya Mji Mkongwe! Alipogonga tu, chokaa yenye ukungu ikamwagika juu ya shuka zangu nilizozifua jana. Akaondoka bila kufagia.

Nimepita barazani wakati wa kwenda dukani. Wacheza bao wote wanatazama mpira kwa waifai yetu. Sele kawapa neno la siri, eti ujirani mwema. Mmoja kaninyanyulia simu kunishukuru. Nimetema mate.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeizunguka nyumba na simu mkononi kama mtu anayefukiza. Jikoni hamna. Ngazini alama moja, inakuja inakwenda. Juu ya paa upo mdogo, lakini kumejaa mavi ya njiwa, na wageni wa hoteli ya jirani wamejilaza nusu uchi wakinitazama. Mama hataki nisimame huko, na kwa hili hajakosea. Mkahawani nilishajaribu. Kelele, na kila kijiko kinasikika.

Halafu nikaingia chooni kwa haja yangu. Alama zote zimejaa.

Nimeelewa. Dirisha la choo cha juu linatazama ua wa ndani, na mlango wa ukumbi unatazama ua huohuo. Mtandao unaponyoka ubavuni mwa sinia, unapanda uani, unaingia dirishani. Haukutani na ukuta hata mmoja. Nyumba nzima hii, na mahali penye heri ni hapo. Nimesimama kando ya ndoo nikacheka kwa hasira.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefundisha chooni. Naandika na mkono unaona haya.

Kigoda kimoja, kompyuta juu ya kifuniko cha pipa la maji. Nyuma yangu nimeweka picha ya bahari ili Ingrid asione bomba. Nikitikisa kichwa bomba linachungulia begani. Nimesugua kwa sabuni na ndimu, harufu haijahama. Maji yanadondoka. Inzi mmoja kanipenda.

Lakini somo halikukatika. Saa nzima.

Ingrid alinipokea kwa "Jambo!" yake ile. Naichukia kuliko mende. Sikumsahihisha pale, maana salamu yetu hairuhusiki kutamkwa chooni. Salamu ni jina la Mwenyezi Mungu, na chooni jina lake halitajwi. Nilitoka, nikashuka ngazi, ndipo nikamrekodia sauti kwa simu: hiyo Jambo waachie watu wa mahoteli. Kwetu mtu akifika husema Assalamu alaykum, na anayesalimiwa lazima aitikie. Asiyeitikia ni mtu hana adabu.

Kanijibu kwa furaha kwamba atajizoeza.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeosha choo mara ya tatu. Mama kasimama mlangoni. "Leo nani anakuja?" Nikamwambia ni kesho, mkuu wa skuli. "Chooni?" Nimemweleza tena habari ya sinia kuzuia mtandao, kwa upole. Akasema nshakwambia, kitu cha thamani hakianikwi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetayarisha somo la sokoni. Samaki, bei, kupunguziwa. Mtandao umejaa. Mkuu katokea, mwanamke wa makamo, shingoni kajitanda kanga upande wa ndani nje. Kiswahili chake kimenyooka, kimetoka kitabuni. Kaniambia niendelee kama kawaida.

Ingrid akatokea. Kajifunga mtandio. Kakaa wima. Akatabasamu, akasema polepole, herufi zote mahali pake, "Assalamu alaykum, Mwalimu."

Nimeitikia moyoni. Mdomo haukufunguka.

Akadhani hakusikika. Akasema tena. Uso wake ukaanza kuwa mwekundu. Mkuu akasema, "Mwalimu, mwanafunzi anakusalimu." Ningeweza kusema habari ya leo, karibu, chochote. Lakini salamu imeshatolewa, na kuiruka kama haikusemwa nako ni kubaya. Nikainyanyua kompyuta, nikafungua mlango kwa kiwiko, nikatoka mpaka kwenye korido. "Wa alaykumu ssalaam!" nimeitikia kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Kioo kilikuwa kimeshaganda. Mkuu jicho moja limefumba.

Niliporudi chooni hawakuwapo tena.

Jumanne, 14 Oktoba

Niliwaandikia wote wawili jana, nikaeleza. Ingrid kaniomba radhi, maskini, kosa si lake.

Mkuu kajibu leo. Mtandao wangu hautegemeki. Hilo kweli. Anaongeza kwamba mazingira niliyoyaeleza hayafai skuli yao. Kweli pia. Kisha: "Zaidi ya yote, mwalimu hakuitikia salamu ya mwanafunzi, jambo ambalo katika utamaduni wa Waswahili ni utovu wa adabu."

Nimeisoma nimesimama. Kajitanda kanga ndani nje, ananifundisha mimi adabu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Mama yote. Nilitaka ajue sinia lake limefanya nini. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi.

"Kwa hivyo hukuitikia?"

"Chooni sikuitikia, Mama."

"Vyema. Hata ningekuwa mimi nsingeitikia." Akalitazama kabati. "Na wewe ukakaa humo chooni siku zote hizo, hukunambia."

"Nilikwambia, Mama."

Baada ya adhuhuri nikasikia shaba ikigonga sakafu. Kalitoa sinia mwenyewe, pumzi zinamwisha, kaliegemeza chini ya ngazi. Kamwita Sele. Waya umepitishwa uani bila kutobolewa kitu, ruta imefungwa kwenye nguzo ya roshani ya ndani, juu, wazi, kila mgeni aione. Sele anawaambia watu wa baraza ni fikra yake.

Chumbani kwangu mlango ukiwa wazi, alama zimejaa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua asubuhi. Mama kaja chumbani kwangu, kakaa kitandani, kazungumza na dada yake aliye Maskati. Mara ya kwanza kumwona uso vizuri tangu ahame. Walitazamana tu muda mrefu, kila mmoja akimwambia mwenzake kakonda. Nilimshikia simu. Haikukatika.

Alipoondoka nimempigia Bi Salma. Shikamoo, marahaba. Nimemwambia chumba ampe mtu mwengine. Akauliza kwa nini, na alikwisha kuniwekea.

Nimemwambia nyumbani kwetu siku hizi mtandao mzuri.