Kitufe cha Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ishirini na tano tangu Waziri apandikizwe uboho wa kaka yake. Waziri ni binti wa kaka yangu, miaka saba, na cheo kajipatia mwenyewe kwa kuamrisha manesi. Leo kaniuliza kupitia kioo cha chumba chake: shangazi, askari wangu wapya wana viberiti? Nimecheka hadi barakoa ikanishuka puani.

Ni mimi niliyemweleza hivyo. Seli nyeupe za damu humeza kijidudu, kisha hukichoma kwa oksijeni kali. Zake zilizaliwa bila moto. Zinameza, basi! Kijidudu kinakaa humo kama mgeni mwalikwa. Ndiyo maana majipu, ndiyo maana homa ya mapafu mara nne, ndiyo maana nusu ya utoto wake imekwenda wodini.

Ijumaa napima damu yake. Seli yenye moto huonyesha bluu; pasipo bluu, uboho haujashika, na tunaanza upya. Lakini nina furaha, sijui kwa nini.

Nimemkumbusha mkuu wa maabara yetu kitufe cha bluu cha kimashine cha kuhesabia seli kitiwe mafuta, kinapiga kelele. Kasema mwezi ujao.

Jumanne, 4 Machi

Wifi kaja na chupa ya vidonge. Eti vinazima sumu ya oksijeni mwilini — vinazuia saratani, maradhi ya moyo, uzee. Wifi yangu, nikamwambia, mwaka mzima tunaomba moto uwake, wewe unaleta ndoo ya maji? Akasema, lakini si unaharibu mwili? Unaharibu, ndiyo, ukizidi. Moto ukiwa jikoni unapika. Ukipanda darini, nyumba imekwenda. Daktari naye kakataa vidonge katakata.

Wifi kaninunia dakika tano. Halafu kaniachia chupa: vikusaidie wewe na hayo makunyanzi. Huyu mwanamke!

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Tone la damu ya Waziri kwenye kioo, rangi ya manjano, nusu saa kwenye joto. Seli yenye moto hugeuza ile manjano kuwa bluu. Kioo cha pili, kama kawaida, damu yangu mwenyewe ya kulinganishia. Nikachungulia kwenye hadubini — bluu! Bluu kila mahali! Nikampigia kaka simu. Kaka kalia. Wifi kapiga vigelegele wodini mpaka katolewa nje.

Ndipo nikasoma lebo. Damu ile ilikuwa yangu.

Nikarukia kioo cha Waziri, kikaniponyoka. Vipande vipande. Haraka haraka haina baraka — nina miaka arobaini na mbili, nimeielewa leo.

Nikampigia kaka tena. Kasema: "Angalau wewe u mzima, dada." Tukacheka wote wawili, vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Damu mpya. Amri mpya pia: shangazi hahesabu seli za mtoto wa kaka yake. Sawa, ni haki ya mkuu. Nimetayarisha vioo viwili, majina kwa herufi kubwa kama za ubao wa duka, nimemkabidhi, kanitoa nje. Naandikia kwenye benchi la ukumbini. Kaka kulia kwangu, anakunja na kukunjua kofia. Wifi kushoto, anasali.

Mlango mwembamba, sauti zinapita. Mkuu anahesabu seli mia kwa kimashine chetu cha vitufe viwili. Cha seli zisizo na rangi kinasema tk. Cha bluu kinalia kama panya. Hawa wawili hawajui. Mimi najua.

Kaanza na damu yangu: panya wana harusi.

Kimya. Anabadilisha kioo.

Tk. Tk. Tk. Tk. Wifi kanishika goti. Tk. Tk.

Panya!

Mmoja tu. Huenda kidole kimeteleza. Tk. Tk. Panya. Tk. Panya, panya —

Kaka anauliza mbona nalia. Sithubutu kumjibu, niliapa sitamwambia neno tena kabla ya karatasi ya majibu. Kainama asome ninachoandika, nimefunika kwa mkono. Panya. Tk. Panya. Panya. Ole wake mtu atakayekitia mafuta kitufe kile! Panya. Pa